Ruzuku ya Pembejeo ni Amana: Tuhakikishe Inamfikia Mwenye Haki

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Dodoma

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwezi wa Novemba 2022. Mvua za kwanza zilikuwa bado hazijaanguka, na vumbi la Dodoma lilikuwa lingali jekundu juu ya majani ya mikorosho na mizabibu. Waumini walipokwisha kutawanyika baada ya swala, nilimkuta mama mmoja mjane amesimama karibu na mlango wa upande wa wanawake, simu ndogo mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia haja yake kwa sauti ya chini.

"Mwanangu Katibu, nimeandikishwa kule kijijini, na namba ya ruzuku imeingia kwenye simu. Lakini mfuko mmoja ni elfu sabini, nami fedha hiyo sina. Kuna kijana mfanyabiashara ameniambia nimpe namba yangu, achukue yeye mbolea, mimi anipe elfu kumi na tano. Nimekuja kuuliza: ni halali au ni haramu?"

Swali lilikuwa jepesi kwa mtu aliyesoma chuo, na jibu lake lilikuwa tayari ulimini. Hata hivyo nilimwomba aniachie hadi siku ya pili nizungumze na Imamu. Jioni ile nilimpigia simu mama yangu mzazi, aishiye upande wa Kondoa, nikamsimulia habari ile pasi na kumtaja mwenyewe. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo hadi leo sijayasahau: "Hata nauli yako ya kwendea chuo ilitoka huko, mwanangu. Nilitia sahihi kwamba nimepokea mbolea, wala sikupokea."

Makala haya yametokana na maswali ya wajane wawili hao. Nimeyaandika kwa familia za Kiislamu zinazolima, na pia kwa zile zisizolima, kwa kuwa ruzuku hutolewa katika mali ya umma, na mali ya umma ni amana ya kila mmoja wetu.

Karatasi tatu za mama yangu

Wasomaji wenye umri wangu watakumbuka vocha za pembejeo. Mpango ule wa Serikali, uliosaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, ulianza kwa upana wake msimu wa 2008/2009, baada ya bei za chakula na mbolea kupanda duniani kote. Ulidumu hadi msimu wa 2013/2014, na kwa muda huo ulizifikia kaya zaidi ya milioni mbili. Mkulima aliyeteuliwa alipewa vocha tatu kwa ekari moja: moja ya mbolea ya kupandia, moja ya mbolea ya kukuzia na moja ya mbegu bora. Vocha ililipa takriban nusu ya bei, na nusu iliyobaki aliilipa mkulima mwenyewe kwa wakala wa pembejeo.

Waliostahiki walikuwa wakulima wadogo wa mahindi na mpunga, wenye shamba lisilozidi hekta moja, na kaya zinazoongozwa na wanawake zilitakiwa kutangulizwa. Uteuzi ulikabidhiwa kamati ya vocha ya kijiji. Kila aliyesaidiwa alitarajiwa kupata vocha kwa misimu mitatu, kisha ajitegemee na kununua mwenyewe kwa faida ya mavuno yake.

Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri. Mama yangu alikuwa mjane, mwenye ekari mbili na watoto wanne, na jina lake liliandikwa miongoni mwa majina ya mwanzo. Lakini masharti yalimtaka awe maskini kiasi cha kustahiki msaada, na wakati huohuo awe na uwezo wa kutoa nusu ya bei. Sharti la kwanza alikuwa nalo, la pili hakuwa nalo. Vocha zilifika mwezi ambao ghala la nyumba huwa tupu, mwezi ambao mkulima wa Dodoma anafikiria debe la unga kabla ya kufikiria mfuko wa mbolea. Wakala mmoja, ambaye sitamtaja, alikuja na kalamu. Mama akatia sahihi karatasi zote tatu na kupewa shilingi elfu kumi. Mbolea iliyolipiwa nusu na umma kwa jina lake ilikwenda kuuzwa mahali pengine kwa bei kamili, na mimi nikapanda basi kwenda kusoma elimu ya dini.

Msomaji, mimi niliyekuwa tayari kumwambia yule mama "ni haramu" na kuondoka zangu, nilikuwa nimesafiri kwa fedha ileile.

Nani alizipata?

Mtu anaweza kudhani kwamba kisa cha mama yangu ni cha kijiji kimoja. Watafiti wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, waliuchunguza mgawanyo wa vocha za mwaka 2009 mkoani Kilimanjaro, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012. Waligundua kwamba takriban asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilikwenda kwa kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali na vile ambavyo pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho lilikuwa kubwa.

Tusiwe wepesi wa kuwalaani viongozi wale. Mara nyingi kiongozi wa kijiji ndiye mwenye shamba linaloonekana, ndiye aliyesikia habari kwanza, na ndiye mwenye fedha ya kulipia nusu iliyobaki. Anaweza kujiambia kwamba vocha isipotumika itarudi wilayani, basi heri aitumie yeye. Hivyo ndivyo amana inavyopotea, polepole na kwa hoja zinazosikika kuwa nzuri.

Dini yetu imeliona jambo hili mapema. Katika Hadithi sahihi imesimuliwa habari ya mtu aliyejulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporejea alitenga mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari na kulikemea jambo hilo hadharani, akiuliza kwa nini mtu yule hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi zingemfikia huko. Mizani hiyo inamtosha kila mjumbe wa kamati, iwe ya kijiji au ya msikiti. Je, mfuko huu ungenifikia kama nisingekuwa na nafasi hii?

Kuna ushahidi mwingine kutoka kwa jirani zetu wa Malawi. Baada ya njaa ya mwaka 2005, Serikali ya nchi hiyo ilianzisha ruzuku kubwa ya mbolea na mbegu, na mavuno ya mahindi yaliyotangazwa yalipanda sana katika misimu miwili iliyofuata. Baadaye watafiti walitazama jambo ambalo ni rahisi kulisahau. Mtu anayepewa mfuko wa ruzuku wakati angeweza kuununua mwenyewe huacha kununua, na kwa hiyo mbolea shambani haiongezeki kwa kiasi chote kilichotolewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba kwa kila kilo 100 za ruzuku, kaya maskini zilipunguza ununuzi wao kwa kilo 18, ilhali kaya zenye uwezo zilipunguza kwa kilo 30. Maana yake ni kwamba ruzuku inapompelekea mwenye nacho, sehemu kubwa zaidi yake humwondolea tu gharama aliyokuwa tayari kuibeba. Inapomfikia asiye nacho huongeza chakula. Hapa uadilifu na manufaa vinakwenda njia moja.

Namba badala ya karatasi

Ruzuku nchini kwetu imekuwa ikija na kuondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikuwa ikibeba sehemu kubwa ya bei ya mbolea. Katika mageuzi ya uchumi mzigo huo ulipunguzwa mwaka hadi mwaka, na katikati ya muongo ule ukaondolewa wote. Ruzuku ilirejea msimu wa 2003/2004 kwa kusaidia gharama za kusafirisha mbolea, hasa kwenda mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Zikafuata vocha. Kisha, vita vya Urusi na Ukraine vilipopandisha bei ya mbolea duniani, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya siku ya Nane Nane, tarehe 8 Agosti 2022, jijini Mbeya. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP au Urea, uliokuwa umezidi shilingi 120,000, ukauzwa kwa takriban shilingi 70,000.

Mpango huu unasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania. Mkulima hujiandikisha kijijini kwake, hutaja ukubwa wa shamba na mazao, hupewa namba, na kwa namba hiyo hununua kwa wakala. Kamati haichagui tena nani apate, kwa kuwa mlango uko wazi kwa kila aliyeandikishwa. Hilo limeondoa upendeleo wa aina moja, na linastahili shukurani.

Lakini umaskini unabaki palepale. Ruzuku inayotolewa kwa kila mfuko humfuata mwenye mifuko mingi, kwa hiyo mwenye ekari hamsini hunufaika zaidi kuliko mwenye ekari mbili. Asiye na fedha ya mfuko mwezi wa Novemba anabaki na namba tupu kwenye simu. Na namba tupu ina wanunuzi, kama alivyotueleza yule mama. Wapo pia wanaoandikisha ekari wasizolima ili wapate mifuko ya kuuza. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba husimuliwa barazani kama ujanja. Kwa hakika ni kutoa ushahidi wa uongo ili kuchukua mali ya watu wote.

Jibu la Imamu

Siku ya pili tulikaa na Imamu wetu. Alisema kuuza namba si halali, kwa sababu anayeiuza anashuhudia kuwa mbolea imemfikia, ilhali haikumfikia. Akaongeza kwamba mnunuzi ana dhambi kubwa zaidi, kwa kuwa ametumia shida ya mjane kama mtaji. Nilidhani amemaliza, lakini alinigeukia na kuniuliza: "Katibu, sisi tumemwekea nini badala ya zile elfu kumi na tano? Tukimkataza tu, tumefanya nusu ya kazi."

Basi kamati ikakaa. Tulijadili kama fedha za zaka zinafaa kukopeshwa. Imamu alieleza kwamba zaka humilikishwa anayestahiki iwe mali yake, na kuirudisha kwa njia ya deni kuna khitilafu ya wanazuoni. Kwa hiyo tulitenga fungu dogo kutoka katika sadaka za Ijumaa, tukaliita fungu la mkopo mwema, mkopo usio na riba wala ziada, ambao mkopaji akishindwa kwa udhuru wa kweli hupewa muhula au husamehewa. Yule mama akawa wa kwanza. Tulimkopesha shilingi 70,000, akanunua mfuko wa DAP kwa namba yake mwenyewe. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na furaha, nikijihisi nimelipa deni la nauli yangu.

Kosa letu

Sasa ninaandika sehemu ambayo ningependa kuiruka. Msimu ule wa 2022/2023 mvua zilianza kwa kusuasua. Mama alipanda mahindi ekari mbili katika udongo wa kichanga, akatia mbolea kila shimo. Mahindi yaliota vizuri, yakasimama hadi magotini, kisha jua la Februari likakaa wiki tatu bila tone. Alivuna magunia mawili na nusu. Alikula, hakuuza, na deni hakuweza kulilipa. Kamati ililisamehe. Msamaha ule ulikuwa wa haki, kwa sababu kosa lilikuwa letu zaidi kuliko lake.

Tulikuwa tumefikiri kwamba ruzuku ni mfuko. Hatukuuliza mfuko ule unakwenda katika ardhi gani. Uwanda huu wa kati hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, katika msimu mmoja wa Desemba hadi Aprili, na katikati ya msimu huo mara nyingi hukaa kiangazi kidogo kinachoua mahindi wakati wa kutoa mbelewele. Mbolea ya chumvichumvi huyeyuka na kunyonywa na mizizi palipo na unyevu. Pasipo unyevu ni fedha iliyofukiwa ardhini. Kinachofaa Mbeya na Njombe hakiwi kizuri Chamwino au Bahi kwa sababu tu kimepunguzwa bei.

Historia ilikuwa imetuonya, tena hapahapa mkoani. Mwaka 1947 Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, kisha Nachingwea na Urambo. Matrekta yaliletwa kwa wingi, reli na bandari mpya vikajengwa kusini, na mipango ikafanywa ya kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, vyuma vikavunjika, mvua ikakosekana. Mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kupoteza paundi zaidi ya milioni 36. Wenyeji wa Ugogo, waliokuwa wanaijua mvua yao na waliokuwa bado wanasimulia njaa kuu ya Mtunya ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hawakuulizwa. Sisi wanakamati tulikuwa tumefanya kosa lile kwa kipimo cha ekari mbili.

Msimu wa pili

Mwezi wa Septemba 2023, mapema safari hii, tulimwalika afisa ugani wa kata azungumze na waumini baada ya swala ya Alasiri, wanaume na wanawake. Hakuanza na mbolea. Alianza na maji, akafuatia mbegu, akaiweka mbolea ya tatu.

Kuhusu maji, alitueleza mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji kimoja cha hapa Dodoma ambako mbinu hiyo ilibuniwa na mkulima. Mashimo huchimbwa wakati wa kiangazi kwa mistari, shimo na shimo zikiachana takriban sentimita 60 na mstari na mstari sentimita 90, yakajazwa samadi na mabaki ya mazao. Mvua ikinyesha, maji hutuama ndani badala ya kukimbilia korongoni, na mmea huweza kustahimili jua la wiki mbili au tatu. Pale ambapo nguvu kazi haitoshi, matuta yaliyofungwa kwa vizuizi husaidia pia.

Kuhusu mbegu, alisema mjane mwenye ekari mbili za kichanga asiweke maisha yake yote juu ya mahindi. Mtama na uwele ni mazao ya ardhi hii tangu kale, na kituo cha utafiti cha Hombolo kimefanya kazi kubwa juu yake. Mbegu kama Macia na Tegemeo hukomaa mapema. Aliongeza kuwa ruzuku si ya mbolea peke yake. Miaka ya karibuni Serikali ilisambaza pia mbegu za alizeti kwa bei nafuu katika mikoa ya Dodoma, Singida na Simiyu, na msaada wa namna hiyo una uzito mkubwa katika ukame wetu.

Kuhusu mbolea ndipo alipotushangaza. Alisema: "Iwe kidogo, mahali pake, wakati wake." Kifuniko kimoja cha soda kwa kila shimo, baada ya palizi ya kwanza, udongo ukiwa na unyevu. Mvua isipokuja, mkulima hungoja, na mbolea yake inabaki ndani ya nyumba salama.

Vijana wa madrasa walijitolea Jumamosi nne, wakachimba mashimo ya nusu ekari katika shamba la yule mama, na sehemu iliyobaki ikatengenezwa matuta. Samadi ilitoka katika zizi la jirani yake Mgogo, ambaye si Muislamu, aliyesema imekaa miaka ikimsumbua, na akatuazima punda wake waibebe. Fungu la mkopo mwema lilimpa fedha ya mbegu ya mtama na mfuko mmoja wa Urea wa kilo 25 kwa bei ya ruzuku. Gharama yote haikufikia ile ya mwaka uliotangulia.

Sitaki kumhadaa msomaji. Msimu wa 2023/2024 ulikuwa wa mvua za El Niño, na mvua ni rehema ya Mwenyezi Mungu, haikuletwa na kamati. Wengine ambao hawakuchimba shimo hata moja nao walivuna. Hata hivyo tofauti kati ya shamba lake na mashamba ya pembeni ilionekana kwa macho. Alivuna magunia manane ya mtama. Akalipa mkopo wote mwezi wa Julai.

Tufanye nini?

Kutokana na tuliyojifunza kwa misimu hiyo, ninapenda kuziusia familia zetu na kamati za misikiti mambo yafuatayo.

Kwanza, tuandikishe ukweli. Baba au mama anayetaja ekari tatu kuwa nane anawafundisha wanawe, waliosimama kando yake wakimsikiliza, kwamba uongo mbele ya ofisi si uongo. Somo hilo hawatalisahau.

Pili, msikiti uwe mahali pa habari. Tarehe za uandikishaji, bei elekezi na jina la wakala aliye karibu vibandikwe kwenye ubao, na vitangazwe upande wa wanawake pia. Mjane asiyesikia tangazo huangukia mikononi mwa aliyelisikia.

Tatu, kila kamati ianzishe fungu la mkopo mwema, hata likiwa dogo, na lifunguliwe Septemba kabla ghala halijawa tupu. Mkopo unaofika Januari huwa unanunua unga. Hesabu zake zisomwe hadharani kila mwisho wa msimu. Majina ya waliokopa yasitangazwe, kwa kuhifadhi heshima zao.

Nne, tuulize ardhi kabla ya kuuliza bei. Mwaliko wa afisa ugani haugharimu msikiti zaidi ya kikombe cha chai.

Tano, tukivuna tukumbuke haki ya mavuno, ambayo Qur'ani katika Suratul An'am imeagiza itolewe siku ya kuvuna. Nisabu ni wasaki tano, ambazo kwa makadirio yaliyoenea ni takriban kilo 650 za nafaka. Zao lililonyeshewa na mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, na lililomwagiliwa kwa gharama hutolewa nusu ya hiyo. Kuhusu kutoa kwanza gharama za mbolea na mbegu, wanazuoni wamekhitilafiana, basi kila mmoja amuulize sheikh wake, wala asijifutie zaka kwa hesabu yake mwenyewe.

Kwa upande wa Serikali, ombi letu ni la heshima na ni fupi. Mikoa ya ukame ipewe mbegu za mtama, uwele na alizeti kwa uzito uleule unaopewa mbolea ya mahindi. Zifike kabla ya mvua, na wakala asiwe mbali kiasi kwamba nauli inaimeza ruzuku.

Debe nne

Mwezi wa Juni 2024 yule mama alikuja tena msikitini siku ya Ijumaa, safari hii pamoja na mjukuu wake na mkokoteni wa punda. Magunia manane ni kilo mia nane, na kilo mia nane zimepita nisabu. Alikuwa ameleta debe nne za mtama, sehemu yake ya kumi.

Nilimwambia kwamba kwa hali yake huenda watu wangemhesabu bado miongoni mwa wanaostahiki kupokea. Akanijibu, "Mwanangu, miaka yote nimesimama upande wa kupokea. Mwaka huu niandike upande wa kutoa."

Nilifungua daftari nikamwandika. Kisha nikampigia simu mama yangu Kondoa. Tulikwisha kukubaliana, yeye na mimi, kwamba thamani ya zile vocha tatu tungeirudisha kadiri tunavyojua, na kwa kuwa hatukujua tuirudishe mlango gani, Imamu alituelekeza tuitoe kwa wakulima maskini kwa nia ya kujitakasa. Fedha ile ndiyo iliyochimba msingi wa fungu la mkopo mwema kwa msimu uliofuata, na wakulima saba wamekwisha kukopa humo.

Wallahu a'lam.